Mshauri wa Mambo ya Roki

Mama mdogo wangu ni fundi wa kutengeneza cherehani, na kazi yake anaijua barabara, lakini mtaani hasifiki kwa hilo. Anasifika kama yule mwanamke aliyemtwanga mwimbaji kwa gitaa.

Habari hiyo aliieneza mwenyewe. Kwa miaka kumi na moja alipiga gitaa la besi katika bendi ya roki iliyozunguka nchi nzima kwa basi dogo lenye milango miwili, mmoja unafunguka na wa pili umeshonwa kwa waya. Wenzake walimwita Besi, na jina likamganda hata mama yangu, dada yake, humwita hivyo akikasirika. Mteja akimuuliza bendi iliishaje, mama mdogo hanyanyui macho kwenye kazi. "Nilimtwanga mwimbaji gitaa la kichwa, nikashuka jukwaani, nikaenda zangu." Kisha anaendelea kuvuta uzi uliojisokota chini ya sindano. Mteja aliyekuja amenuna kwa sababu ya cherehani mbovu huondoka anachekacheka, cherehani haijaguswa.

Duka ni letu wawili. Mimi nashona mbele, yeye anakaa nyuma karibu na dirisha, bisibisi zake zimepangwa kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Tumekaa hivyo miaka tisa, kwa hiyo hadithi ya gitaa nimeisikia labda mara mia mbili, na kila mara gitaa lilikuwa linanenepa.

Siku moja akaingia mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, amevaa miwani ya jua ndani ya duka, akajikwaa kwenye meza ya kupigia pasi. Alikuwa mwongozaji wa filamu. Alikuwa anatengeneza filamu ya bendi ya roki iliyo ziarani, na alikuwa amesikia kuna mwanamke huku aliyeyaishi hayo maisha.

"Nataka uwe mshauri wetu," alisema. "Mshauri wa mambo ya roki. Nataka ukweli mtupu."

"Ukweli wa ziara unanuka soksi," mama mdogo alimwambia. "Utauweza?"

Mwongozaji alicheka kama mtu aliyeambiwa mzaha. Kabla hajatoka aliniona natia zipu kwenye gauni, akaniuliza kama naweza kushona ngozi, maana suruali za waigizaji wake zilikuwa zinapasuka kila wakiinama. Basi nami nikaajiriwa. Ndiyo sababu nayajua yaliyotokea, sikuambiwa na mtu.

Mama mdogo alisoma muswada kwa jioni tatu, miwani puani, anacheka peke yake jikoni. Jioni ya tatu aliufunga.

"Kurasa mia moja na kumi," alisema, "na hakuna mtu hata mmoja anayefua."

Ukurasa wa nne televisheni ilirushwa dirishani. Ukurasa wa tisa gitaa lilivunjwa, wa kumi na tano lingine likachomwa moto. "Hawa watu magitaa wanayachuma mtini?" aliuliza. Mpiga besi, ambaye ndiye yeye, alikuwa anampenda mwimbaji hadi kuugua. "Mimi na Koo," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona nywele kwenye chakula. Koo ndiye mwimbaji. Na ukurasa wa sabini na mbili mpiga ngoma alikufa.

Siku ya kwanza walikuwa wanapiga picha kwenye nyumba ya wageni iliyofungwa, chumba cha ghorofa ya pili. Kamera ilikuwa tayari. Waigizaji wawili walikuwa wameinua televisheni, mishipa imewatoka shingoni, ingawa ilikuwa boksi tupu lisilo na kitu ndani. Mama mdogo akanyoosha mkono.

"Samahani. Hiyo televisheni ni ya nani?"

"Ya hoteli," mwongozaji alijibu.

"Na wakija tena mwezi ujao watalala wapi?"

Mwongozaji alisema hilo halimo kwenye filamu. Mama mdogo akawasimulia kwamba katika miaka kumi na moja bendi yake ilivunja kiti kimoja tu, na hicho hakikuvunjwa kwa hasira. Koo alikikalia. Walishinda asubuhi nzima wakikipaka gundi ya mbao, kisha wakamkalisha mpiga ngoma juu yake saa mbili bila kutikisika ili gundi ishike, maana mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mmoja mwenye mikono kama ya mwashi.

Mwongozaji aliyaandika yote kwenye daftari lake, akasema ni mazuri sana, kisha wakairusha televisheni. Waliirusha mara tatu, kwa sababu ya kwanza ilinasa kwenye pazia.

Wakati wa chakula waigizaji walimzunguka. Walitaka kujua ziarani watu hufanya nini hasa.

"Wanasubiri," aliwaambia. "Saa ishirini na mbili unasubiri, saa moja na nusu unapiga, nusu saa iliyobaki unatafuta kiatu." Aliwaambia kwamba kwa kuwa alikuwa mwanamke pekee alipewa kiti cha mbele kwa heshima, na pamoja na heshima akapewa ramani, na pamoja na ramani akapewa lawama. Aliwaambia kuhusu haja ndogo: wanaume walishuka popote, yeye alikuwa anasubiri kichaka au giza, chochote kitakachotangulia. Na kwamba siku ya onyesho Koo hakuwa anasema neno hata moja mpaka apande jukwaani, eti anatunza koo, ndipo alipopata hilo jina. Alikuwa anaandika vikaratasi na kuvipitisha nyuma ya basi. *Sogea. Zima redio. Nani kajamba.*

"Na jibu?" aliuliza yule dada aliyeigiza nafasi ya mama mdogo.

"Ilikuwa ni yeye kila mara. Mwenye kosa ndiye wa kwanza kuandika."

Dada huyo alikuwa mrefu, mwenye bidii, na gitaa la besi alilishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani aliyejikojolea. Mama mdogo alilishusha likamkaa nyongani, akamrekebisha bega. "Usiwatazame watu. Watu wanamtazama mwimbaji, wewe hakuna anayekuona. Tazama mguu wa mpiga ngoma. Ukishuka, na wewe shuka." Wakashikamana tangu siku hiyo, na mimi nikamwongezea yule dada kiuno cha suruali apate kupumua.

Siku ya tatu mama mdogo alimtafuta mpiga ngoma mwenyewe wa bendi yake, waliyepotezana tangu aondoke, akamleta awafundishe kupiga. Jina lake la bendi ni Radi. Sasa ni mwalimu wa hesabu, mpole, anavaa shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Walimpa muswada asome akiwa anasubiri. Baada ya muda alimwendea mwongozaji, kidole bado kiko kwenye ukurasa.

"Nimekufa?"

"Katika filamu tu, mzee."

"Sawa. Lakini kwa nini?"

"Filamu ya bendi bila msiba haina uzito," mwongozaji alimwelewesha. "Na mwimbaji akifa, filamu imekwisha. Mpiga gitaa ana mashabiki. Anabaki mpiga ngoma."

Radi alilitafakari hilo kama hesabu iliyoandikwa vibaya ubaoni. "Na nimeuawa na nini hasa?"

"Maisha ya kasi."

"Mimi nilikuwa nalala mapema kuliko wote," Radi alisema. "Nina pumu."

Hata hivyo hakukasirika. Aliomba jambo moja, kwamba asife katikati ya wimbo, kwa sababu mpiga ngoma akiacha katikati wenzake wote wanaaibika. Mwongozaji akakubali. Kuanzia hapo Radi alikishughulikia kifo chake kwa moyo wote. Alimfundisha mwigizaji jinsi ya kuanguka bila kuyagusa matoazi, akamkosoa, akamrudisha tena. Saa tisa alasiri alikuwa amekwisha kufa mara kumi na mbili na bado hajaridhika.

Siku ya tano akaja Koo, kwa mwaliko wa mwongozaji.

Nilikuwa nimemjengea picha kichwani, kwa mara mia mbili za hadithi. Aliyeshuka kwenye gari alikuwa mwanamume mwenye kitambi cha heshima na nywele zilizopakwa rangi nyeusi hadi kwenye ngozi ya kichwa. Anauza pampu za maji. Alikuwa ameusoma muswada na kuupenda. "Wamenipatia vizuri," alisema, akitazama huku na huku kuona nani amesikia.

Watu wote wa filamu walikuwa wanangoja aonane na mama mdogo. Waigizaji walisogea. Mwenye kamera alijifanya anafuta kioo. Wawili hao walisalimiana kwa mikono, kama watu wa ofisi moja, na mwongozaji hakuweza kuvumilia.

"Mzee, tunaomba utuonyeshe lile kovu. Mtu wa vipodozi anataka alipige picha."

"Kovu lipi?"

"La gitaa. Alilokupiga kichwani."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imefika miaka ishirini na miwili, na mwisho wake ulikuwa pale, mbele ya watu thelathini na mashine ya kutoa moshi. Nilimtazama mama mdogo. Uso wake ulikuwa mtulivu, ila mkono ulikuwa umeshika bisibisi mfukoni.

Koo alimtazama yeye, si mwongozaji. Kisha akapeleka mkono kisogoni, taratibu, akajipapasa.

"Lilipona," alisema. "Nywele zimefunika. Lakini hali ya hewa ikibadilika, bado linauma."

Watu wakatoa pumzi. Mwongozaji aliandika hilo la hali ya hewa kwenye daftari.

Mimi nilikuwa nimejitenga nyuma ya pazia la mavazi, nashona msamba wa suruali ya ngozi, wakati wawili hao walipokuja kusimama upande wangu. Mama mdogo alijua nipo. Koo hakujua, au hakujali.

"Kwa nini umenifichia?" mama mdogo alimuuliza. "Sijakupiga hata kofi."

"Najua. Lakini ulistahili kunipiga."

"Kwa lipi?"

Koo akajikuna palepale kwenye kovu lisilokuwepo. "Ile Alhamisi."

Ilibidi baadaye niunganishe vipande, lakini havikuwa vingi. Bibi yangu aliugua, mama mdogo akaomba wiki mbili akamuuguze, na bendi ikachukua mpiga besi wa kushika nafasi. Walikubaliana kwamba Alhamisi, saa nne asubuhi, basi lingemchukua njia panda, karibu na kituo cha mafuta. Yeye alifika saa tatu. Alikaa mpaka saa kumi na moja jioni. Basi halikuja, naye hakuwatafuta, wala wao hawakumtafuta.

"Basi liliharibika," mama mdogo alisema. Hakuwa anauliza.

"Halikuharibika. Tulipita, saa nne na robo. Ulikuwa umekaa juu ya amplifaya yako, umevaa fulana ya kijani, umeinamia chungwa unalimenya, hukuinua macho. Dereva akauliza, nisimame? Tukatazamana. Yule mwenzako aliyeshika nafasi alikuwa na amplifaya mpya, Besi. Yako ilikuwa inakamata redio."

"Ilikuwa inakamata taarifa ya hali ya hewa tu."

"Katikati ya nyimbo za huzuni."

Mama mdogo akauliza, "Radi alisema nini?"

"Radi alikuwa amelala. Tulimwambia umeamua kubaki kwenu."

"Na wewe ulisema nini?"

"Natamani niseme nilisema simama." Koo aliangalia viatu vyake. "Sikusema kitu. Ilikuwa siku ya onyesho. Nilikuwa natunza koo."

"Ungeandika kikaratasi," mama mdogo alisema.

Mama mdogo aliichukua ile suruali mikononi mwangu, akakaa, akaanza kufumua mshono niliokuwa nimeumaliza muda huohuo. Alifumua msamba, akafumua paja, akashuka hadi kwenye pindo. Koo alisimama pale muda wote huo. Mguu mzima ulipokuwa umefunguka alimwambia, "Nenda, Koo. Nenda ukasifiwe."

Tukiwa njiani kurudi nyumbani tulifika kwenye duka la mkate. Hapo akasimama.

"Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikilisikitikia basi," alisema. "Nilikuwa nasema, masikini, injini ile."

Nilimuuliza kwa nini alizua habari ya gitaa.

"Nani anataka kusikia habari za mwanamke aliyengoja basi? Ukipigana, watu wanakupa kiti. Mambo hayo yote niliyaona kwenye filamu, mwanangu. Nikachagua moja linalonitosha."

Mama yangu alipoambiwa alitaka kwenda kwa muuza pampu na kumfanya apate kovu la kweli. Tulimzuia kwa chai.

Kesho yake mama mdogo alimfuata mwongozaji akamsimulia yote, mbele ya waigizaji, pamoja na kwamba hakupiga mtu. Alimwambia bendi ivunjike hivyo kwenye filamu: basi lipite, basi.

Mwongozaji alivua miwani yake ya jua. Alikuwa na macho madogo ya upole ambayo hatukuyategemea. "Lakini hapo hakuna kinachotokea," alisema.

"Ndiyo. Bendi huvunjika hivyo. Ndoa pia. Uliza watu wazima."

Yule dada mwigizaji alisema kama sehemu hiyo haitapigwa picha, yeye hatavaa tena suruali ya ngozi. Ikapigwa. Tulikwenda njia panda moja nje ya mji asubuhi, tukamkalisha juu ya amplifaya na chungwa mkononi, na basi likapita. Likapita tena, kwa sababu jua lilikuwa limejificha. Likapita mara sita. Mama mdogo alisimama pembeni ya kamera mara zote sita, mikono nyuma, nami nilisimama karibu nikiogopa.

"Mara ya kwanza iliuma," aliniambia baadaye. "Mara ya tatu nikaona tairi la nyuma halina upepo. Mara ya sita nilitaka tu wamalize tukale."

Baada ya miezi minane filamu ilitoka, tukaalikwa kwenye onyesho la mchana. Tulikaa safu moja: mama yangu, mimi, mama mdogo, Radi, kiti kitupu, halafu Koo. Kile kiti kitupu mama yangu ndiye aliyekitaka.

Televisheni iliruka. Magitaa yalivunjika na kuungua. Koo wa kwenye filamu hakuwa na kitambi na alivua shati katika hali zote za hewa. Hakuna aliyefua. Mpiga ngoma alikufa, baada ya kumaliza wimbo, hakugusa toazi hata moja, na Radi alilia kwa kwikwi mpaka mama mmoja wa nyuma akamgusa bega na kumwambia, "Pole, baba, ulimjua?"

"Tulikuwa karibu," Radi alisema.

Kisha ikaja njia panda. Yule dada juu ya amplifaya, chungwa, barabara tupu. Basi likatokea, likaja, na mama mdogo akaegemea kiti kama mtu anayejua kinachofuata.

Basi likasimama.

Mwongozaji alikuwa amerudi kule bila sisi. Mwimbaji aliruka nje kabla magurudumu hayajatulia, akapiga magoti kwenye vumbi, bila shati, na chungwa likadondoka likabingirika. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mama yangu, ambaye tulikuwa tumemficha mawe asije akamrushia Koo, alipiga makofi pia, kisha akakumbuka akaacha.

Nilimgeukia mama mdogo. Nilidhani atacheka, au atatoka. Alikuwa ametoa macho, mdomo wazi kidogo, mashavu yamelowa.

"Kumbe linasimama hivi," alisema.

Mwishoni majina yalipopita, lake lilikuwepo, mshauri wa mambo ya roki, limekosa herufi moja. Nje mwongozaji alisogea kwa woga, akisema wenye filamu walimlazimisha, kwamba watu hawawezi kwenda nyumbani na basi lililopita. Mama mdogo alimwambia ni uongo mtupu, ni upuuzi, na kwamba atakuja kuitazama tena Jumanne.

Koo alikuwa amesimama kando, ameshika funguo za gari, hajui pa kuziweka. Radi, pua bado nyekundu, ndiye aliyewaita wote wawili. Alisema darasani kwake Jumamosi mchana hakuna mtu, na ngoma za shule zipo.

"Mimi huyu sijamsamehe," mama mdogo alisema.

"Hakuna aliyesema usamehe," Radi alijibu. "Nimesema Jumamosi."

Walikutana. Mpiga gitaa wao anaishi ng'ambo, kwa hiyo sehemu zake Koo alikuwa anaziimba kwa mdomo, na mama mdogo alisema kwamba hilo peke yake ni adhabu tosha, ila si kwa Koo. Hakukuwa na wimbo waliokumbuka katikati yake. Mwanzo waliukumbuka, mwisho waliukumbuka, katikati kila mmoja alikwenda kwake wakapotezana. Mlinzi wa shule alikuja kuuliza ni mwanafunzi gani anayeadhibiwa Jumamosi. Wiki ya pili walifika dakika tatu bila kusimama. Wiki ya tatu Koo alichelewa nusu saa, akakuta mlango umefungwa kwa ndani, nao wanapiga. Aligonga, akasubiri pale nje mpaka wimbo ulipokwisha, na mama mdogo hakuwa na haraka yoyote ya kuumaliza.